Mti Ulio Ndani ya Figo

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa mashine. Wifi ameniambia kwa simu kwamba kila ukitoka kusafishwa damu unalala mpaka jioni, na chakula unakionja tu kumridhisha. Mimi ni mzima na kazi zipo, maana mabomba ya watu hayaachi kupasuka. Habari ya kupewa figo ulishatukataza kuizungumza, tena mbele ya mama, ukasema, "Sitapona kwa kisu kilichompitia mdogo wangu." Basi leo nakuandikia habari za mti.

Wiki iliyopita nilikuwa hospitali, chumba cha picha. Usishtuke, siumwi. Mpiga picha ni dada mmoja mcheshi, akanionyesha kwenye kompyuta figo ilivyo kwa ndani. Kaka, ni mti. Shina la mshipa wa damu linaingia, linagawanyika, kila tawi linazaa vijitawi, mpaka vinakuwa vyembamba kuliko uzi na jicho linashindwa. Nikamuuliza ni nani aliyechora ramani ya mabomba yote hayo. Akacheka, akasema hakuna ramani, mwili unafuata agizo moja fupi: refuka kidogo, gawanyika, kisha rudia. Damu inatakiwa ifike kila pembe bila kupoteza nguvu, na hakuna njia nyepesi kuliko matawi.

Mimi na ubishi wangu nikamwambia kwamba sisi tukigawa bomba mara nyingi hivyo, nyumba ya mwisho inapata matone. Akanieleza kuwa mishipa haipungui ovyo. Kila inapogawanyika unene unapungua kwa kipimo karibu kilekile, ndiyo maana damu haikwami. Nilitamani kukaa pale siku nzima nikiuliza.

Tangu hapo naona matawi kila mahali. Nimeinua jani juani, nikakuta mishipa. Maji ya mvua yamechimba matawi kwenye rundo la mchanga pale tunapojenga, ila yenyewe yanatoka kwenye vijitawi kwenda kwenye shina. Jana nilisimama nikitazama ufa wa ukuta mpaka gundi ya bomba ikanikaukia mkononi, na fundi mwenzangu akaniuliza kama kichwa kiko sawa.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Figo ile ilikuwa yangu. Vipimo vya damu nilishavifanya kimya kimya, vikapatana na vyako. Ilibaki kuhesabu mashina, kwa sababu daktari wa upasuaji anapenda figo yenye shina moja la kuunganisha. Yangu ya kulia ina mawili. Ya kushoto ina moja, nene, limenyooka. Daktari amesema itakufaa. Hatari zangu amenieleza bila kunificha, na bado nimekubali.

Mama hajui, wewe ndiye wa kwanza. Najua utakasirika, na kunigombeza ni haki yako. Lakini naogopa, kaka. Simu ya wifi ikilia, naiacha ilie mara tatu nne kabla sijapokea. Ukikataa, nitabaki na figo mbili na bila kaka, na utajiri huo mimi siutaki.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawapenda. Ukiisha kukasirika, nipigie.

Mdogo wako mbishi,
Fundi Bomba