Sindano Isiyoingia Kumbini

Bi Nasrin mpendwa, niamulie kabla nyumba yangu haijavunjika, mimi ni mama wa hapa Olumbi, Msumbiji, mwanangu Sadique ana miaka saba, alizaliwa na ugonjwa wa nadra wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu kwake ni chache mno, basi ilikuwa majipu, vidonda vya mdomo na homa zisizokwisha, hata majirani wakaanza kunipa pole mtoto angali hai, mpaka daktari wa mjini Pemba, huku huku Msumbiji, alipotuandikia sindano ya kuuchochea mwili utengeneze chembe hizo, nami niliyeishia darasa la nne nikajifunza kumchoma mwenyewe kila jioni, dawa inakaa kwenye geleira, yaani friji, ya dukani kwa Mama Tatu, na leo Sadique anawapiga chenga wenzake mpirani, najivuna Bi Nasrin, sifichi, sasa baba mkwe anataka mjukuu wake aingie jandoni na binamu zake, mwezi mzima kumbini, na mwanamke hakanyagi huko, nikauliza sindano je, akanijibu, "Mtoto kapona huyo, wamchomani tena?" Mume wangu Hamido kaomba nimfundishe kuchoma, nimekataa, mkono wake mzito na aliyehangaika na mtoto ni mimi, je, nimtoroshe mwanangu kwa dada yangu Mtwara?

Mama Sadique

Mama Sadique, kwanza pokea kigelegele changu. Wewe ni mama hasa! Mwambie baba mkwe, kwa adabu, kwamba Sadique hajapona, ila dawa inamshikilia. Ikikatizwa chembe zitashuka, na kidonda cha jando kinaweza kumuua.

Sasa nikuseme. Wanaume wangapi hukimbia wakiiona sindano, wako anaiomba, nawe unamwambia mkono mzito? Mkono wako wewe ulikuwa mwepesi siku ya kwanza? Na ukiugua wewe, nani atamchoma? Acha uchoyo, mama.

Mtwara usiende. Nendeni Pemba pamoja na babu mtu, asikie kwa masikio yake. Damu ipimwe, na daktari akiridhia, mtoto atahiriwe hospitalini. Kidonda kikishapona, aingie kumbini kwa mafunzo pamoja na baba yake, na Hamido ndiye afuate dawa kwa Mama Tatu kila jioni. Homa ikimgusa, hata kidogo, apelekwe hospitali papo hapo, ngoma waachie wenyewe.

Leo nunua machungwa, Hamido ajifunze kuyachoma. Baadaye mwachie amchome mtoto. Utatetemeka, mwachie hivyo hivyo. Na siku Sadique atakapotolewa kumbini na nguo zake mpya, simama mbele ya wanawake wote upige kigelegele mpaka watu wa kule Tungue wakusikie. Haki yako hiyo.