Makofi Mawili Ubavuni mwa Lori

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipoanguka kutoka juu ya lori pale ghalani ukatuacha.

Walikuita Mizani kwa sababu uliinua gunia mara moja tu, ukataja kilo zake, na mizani yenyewe ikaja kukubaliana nawe. Miaka ishirini na sita ya kupakia na kushusha mizigo, na bado jioni ulibeba wajukuu wawili kwa mpigo. Mama alikuwa akisema, "Huyu si mtu, ni winchi inayokunywa chai." Ulicheka mpaka chai ikakupalia.

Lakini kushuka ulishuka kinyumenyume, polepole, mikono yote miwili imeshika bodi. Vijana walikutania, "Mpisheni bibi harusi!" Ukawajibu, "Haraka haraka haina baraka, wanangu. Ardhi haiendi popote."

Siku ile hukupata nafasi ya kushuka. Pale kazini kwenu, makofi mawili ubavuni mwa lori yalimwambia dereva: tumemaliza, ondoka. Mdogo wako alikuwa chini. Glavu zake zilijaa vumbi la saruji, akazikung'uta kwenye bodi, pa, pa. Dereva akaondoa gari. Wewe ulikuwa bado ukingoni, mfuko begani.

Ulikaa hospitali siku tatu, mbavu zimevunjika, kila neno unalitafutia pumzi. Tulikuwa tukimtazama mdogo wako kwa jicho baya, naye akajificha kwenye korido. Ukaagiza aitwe. "Hata mimi nimekung'uta glavu pale miaka yote," ulimwambia. "Njoo ukae, mdogo wangu." Ulimshika mkono mpaka mwisho. Tulikuwa tumekuona ukibeba mizigo mizito, Baba, lakini kama ule hatujawahi kuuona. Mpaka leo tunastaajabu, na tunaona aibu.

Siku hizi makofi hayatumiki tena ghalani. Dereva hushuka, hulizunguka lori, huona kila mtu yuko chini, ndipo huwasha gari. Mdogo wako ndiye aliyelipigania jambo hilo. Walipomkatalia, alikaa mbele ya tairi mpaka meneja akakubali.

Juzi tulipokaa kuandika tangazo hili, alimwambia Mama, "Shemeji, mimi msinitaje. Sistahili."

Hatukumsikiliza.

Unakumbukwa na mdogo wako, Baba Mdogo wetu, wa kwanza kabisa. Kisha mkeo, sisi wanao watatu, wakwe, wajukuu, na wenzako wote wa ghalani.

Hatutakusahau kamwe, Mizani.