Mnyororo Juu ya Matumbawe

3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Sisi wazima. Mama anakohoa, lakini nguvu za kugombana na jirani bado anazo. Natumai nawe u mzima. Kwa kweli nakuona kutoka dirishani kwangu. Kijana mwenye sare nyeupe anayefuta ngazi iliyokwisha kufutwa hawezi kuwa mwingine. Muuza mboga amenithibitishia, naye ndiye anayekuletea barua hii chini ya mchicha, maana simu zenu zimekusanywa ili matajiri wasipigwe picha.

Sasa tuongee. Hilo jumba lenu linaloelea limetia nanga juu ya matumbawe yetu. Nimezamia nikaona. Nanga yenyewe ina nafuu, imevunja pale ilipoangukia. Mnyororo ndio balaa. Upepo ukigeuka, meli inageuka, na mnyororo unafagia chini kama mlevi aliyepewa ufagio kwenye duka la vyungu. Mahali nilipokuwa nikiwapeleka wageni kuogelea na kutazama samaki sasa ni kokoto nyeupe. Mbele kidogo kuna mchanga mtupu. Mwambie nahodha ahamie huko.

Na nani aliishusha hiyo nanga?

Dada yako

5 Machi

Shikamoo dada,

Mimi salama. Chakula kingi, usingizi haba. Mwambie mama ugomvi usubiri kikohozi kiishe.

Uliuliza nani. Winchi, ile mashine ya kushushia na kuvutia nanga, ni kazi yangu. Nahodha aliamuru, nikabonyeza. Nilimwambia chini pana matumbawe, akanionyesha ramani yake imeandikwa mchanga. Halafu akasema, kama hapafai, mbona wenyeji wametuwekea alama za kuegesha? Alimaanisha maboya yenu mekundu.

Nikarudi kwenye winchi. Safari hii ikiisha vizuri naajiriwa moja kwa moja. Usinitukane sana.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Afya yako nitaiuliza siku nyingine.

Maboya yale tuliyafunga sisi wanawake tunaotembeza wageni, ili vyombo vikae mbali. Tukayapaka nyekundu kwa mikono yetu. Kosa letu ni kudhani mtu akiona uzio atajua ni uzio. Hatukujua wapo wanaoamini kila kitu duniani kimewekwa kwa ajili yao.

Jana tulikuja na boti kuzungumza na huyo nahodha. Akashuka msaidizi wake, akatugawia kofia zenye jina la meli, akatupungia mkono. Ofisa wa bahari naye alifika, akasimama gatini na viatu vyake vikavu, akatazama kwa darubini, akasema maji yanaonekana safi.

Nasikia mnaondoka kesho. Nisikilize vizuri. Mnyororo umelizunguka lile tumbawe kubwa tunaloliita Kichwa, pale baba alipotufundisha kuzamia. Ndilo pekee lililobaki zima, ukiacha matumbawe madogo tuliyoyapandikiza kando yake. Mkivuta kwa winchi mtaling'oa. Tupeni muda mfupi tu, tuufungue sisi wenyewe, bure. Wakikataa, nitakuwa chini papo hapo, nimeshika mnyororo. Halafu wewe bonyeza.

Dada yako

12 Machi

Shikamoo dada,

Nakuandikia kutoka bandari nyingine. Sijui kama u mzima, na siku zote hizi nimeogopa kuuliza.

Barua yako ilinifikia asubuhi ile ya kuondoka, imelowa. Nikamsomea nahodha kwa lugha yake. Akauliza, "Anatisha tu huyu?" Nikamjibu, humjui dada yangu; utotoni alikaa juu ya paa mpaka baba akamwomba radhi. Nikasema sibonyezi.

Nilidhani atawaruhusu mfungue. Lakini wageni walitaka kula mchana kwenye kisiwa kingine. Akatazama saa yake, akauliza kama kuna mtu chini ya omo, pale mbele ya meli mnyororo unapotokea, akaambiwa hakuna. "Basi uachieni mnyororo wote." Nikasukumwa kando. Nilisikia chuma kikikimbia mpaka ncha ya mwisho, na meli ikaondoka nyepesi, nanga na mnyororo vikibaki chini.

Kichwa kimepona?

Hapa nanga mpya imeshafika. Wameiagiza kama mtu anayeagiza kiberiti dukani. Wanasema nikiifunga mimi, yote yatasahaulika.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi sijaumia.

Nilikuwa nimekikumbatia Kichwa mnyororo ulipoporomoka upande wa pili. Maji yaligeuka maziwa. Yalipotulia nikauona umejilundika juu ya yale matumbawe madogo tuliyoyapandikiza, kama kinyesi cha jitu. Kichwa kimesimama, kimekwanguliwa ubavu mmoja. Unauliza kama kimepona. Kimebaki. Kupona ni neno jingine.

Ofisa amerudi. Anasema chuma kile ni mali ya mwenye meli, tusikiguse bila ruhusa yake. Meli ilipogusa matumbawe sikumsikia akitaja ruhusa. Tumeanza kukigusa tangu jana. Tunakata pale kilipoungwa, tunafunga kipande kwenye mapipa matupu, mapipa yanakiinua. Kazi ya punda, na mikono haitoshi.

Sikuambii uache kazi. Ukiifunga hiyo nanga mpya, ifunge vizuri, na barua zako ziishie hapo. Usipoifunga, njoo na msumeno wa chuma, wetu umeisha meno. Usitegemee kunikuta gatini nakusubiri kwa maneno matamu. Nitakuwa chini, nakata.

Dada yako