Kiolezo cha Seva ya Maabara

Jumatatu, 1 Septemba

Chai, mkate, kazini. Stima ilipotea jana na leo seva ya maabara, ile kompyuta kuu, haikuamka. Yusuf ameiunda upya kwa mkono. Asubuhi nzima, hatua moja baada ya nyingine, bila kuandika popote. Wagonjwa wa kliniki yetu hapa mtaa wa Tena wamekaa kwenye benchi wakingoja majibu ya damu.

Yusuf ndiye aliyenipokea nilipoajiriwa. Fundi hasa. Lakini kila seva anayoiunda hutoka na tabia yake, kama watoto wa mama mmoja.

Nimemwambia meneja, Bi. Wambui, kwamba nitaandika kiolezo. Faili moja inayoiagiza kompyuta iweke nini, na kwa mpangilio gani, mpaka itoke taswira ya seva, yaani nakala yake kamili. Ikifa seva, unatoa pacha wake kwenye taswira hiyo. Amekubali. Yusuf akachukua kikombe chake akatoka.

Jumatano, 3 Septemba

Kiolezo kimekwama. Kinaanza vizuri, kinawasha kompyuta ya majaribio, kinaweka mfumo, kisha kimya. Nimeikodolea skrini macho mpaka yakauma. Kumbe programu ya maabara inauliza kama unakubali masharti, halafu inasubiri mtu abonyeze ndiyo. Mtu mwenyewe hayupo. Nimeliandika jibu ndani ya kiolezo. Kikaendelea. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Taswira ya kwanza imetoka. Nikaringa mapema, nikamwita Bi. Wambui aje aone. Tulipojaribu kuchapisha lebo za chupa za damu, zikatoka tupu. Saa ya seva nayo ilikuwa nyuma kwa saa tatu. Chupa isiyo na jina ni damu isiyo na mwenyewe. Bi. Wambui aliguna tu, akarudi ofisini kwake.

Yusuf alikuwa ameketi pale pale. Anajua tatizo ni nini, niliuona uso wake. Akainuka akaenda kuswali. Nimemkasirikia. Ninavyoandika hapa bado nimemkasirikia.

Jumanne, 9 Septemba

Amina, binti wa Yusuf, anaolewa Jumamosi mtaani kwao Majengo. Yusuf ameomba ruhusa. Bi. Wambui amempa, akaongeza, "Simu iwe wazi tu." Ndivyo alivyomwambia mwaka jana pia. Akatolewa kwenye hitima ya kaka yake kuja kuunda seva. Nilikuwepo. Sikuweza kumsaidia na lile jambo liliniuma.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia, "Baba Amina, sitaki uitwe Jumamosi. Lakini bila wewe kiolezo hakitatoka."

Akakoroga chai yake. "Na mashine ikishajua yote, mimi nitabaki wa nini?"

Nilimwambia ninachoamini. Kliniki inafungua tawi jipya mtaa wa Kware, nalo litataka seva. Mashine inafuata inachoambiwa tu. Anayejua seva zinavyoharibika ndiye wa kuiambia.

Akasema atafikiria. Hasira imenitoka. Anaogopa, basi. Hata mimi ningeogopa.

Alhamisi, 11 Septemba

Amekuja na kiti chake akakiweka kando ya changu. "Haya, Nekesa, andika."

Saa iwe ya Nairobi kabla ya kitu kingine chochote. Programu ya printa itangulie, ya maabara ifuate. Ukizigeuza, lebo hutoka tupu. Mambo aliyoyafanya miaka yote bila kuyafikiria, leo yanamtoka mdomoni moja moja. Yeye anasema, mimi nachapa. Tumebishana mara kadhaa. Mwishoni tumeweka jaribio: kiolezo kitengeneze lebo moja na kuikagua, ikiwa tupu taswira isitoke. Wazo lake hilo. Zuri kuliko yangu yote.

Taswira imetoka. Lebo safi. Saa sahihi. Najivuna. Ofisini huwezi kusema hivyo, kwa hiyo nasema hapa.

Jumamosi, 13 Septemba

Stima ilipotea asubuhi, ikarudi kwa kishindo. Seva ikaungua. Benchi limejaa, mbele kabisa mama amempakata mtoto mwenye homa. Bi. Wambui ameshika simu.

"Nampigia Yusuf."

"Usimpigie, tafadhali. Niachie mimi."

Alinitazama. Simu ilibaki mkononi.

Nikachomeka kompyuta ya akiba, nikaipakia taswira. Rekodi za wagonjwa hukaa kwenye hifadhi nyingine, hazikuguswa. Seva ikainuka. Nikaomba lebo ya yule mtoto. Printa ikakoroma, ikaitoa. Jina, tarehe, saa. Vyote sawasawa. Mtaalamu wa maabara akaichukua na kuibandika kwenye chupa kama siku nyingine yoyote. Yule mama hakujua kilichopita. Hakuwa na haja ya kujua.

Bi. Wambui akatia simu mkobani. "Kazi safi," akasema. Yeye huwa hasifu.

Nilitoka nje nikasimama juani. Nilijiona mrefu. Mimi na Yusuf tumefanya kitu kinachosimama hata sisi tusipokuwepo.

Jumatatu, 15 Septemba

Yusuf amerudi na bakuli la pilau. "Simu haikulia," akaniambia. "Nikadhani imeharibika. Nikamwomba mke wangu anipigie nione."

Nikamweleza ya Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda akaitazama ile seva, akarudi. Kisha akavuta kiti, akafungua kiolezo, akaanza kuandika cha Kware mwenyewe. Anachapa kwa vidole viwili. Alikosea mstari, akausahihisha bila kuniuliza.

Nimekula pilau. Sikumharakisha.