Kondoo Mmoja wa Babu Yake Danieli

Jumapili. Songea imeamka na ukungu, na baridi ya Juni haina huruma. Nimevaa sweta la Danieli. Bado linanuka mbao.

Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu tumzike mume wangu.

Asubuhi nilifungua barua pepe zake, sijui nilikuwa natafuta nini. Nikakuta ujumbe kutoka Ayalandi, wa mzee anayetunza vitabu vya ubatizo vya parokia moja ya kijijini huko. Danieli alimwandikia miaka na miaka. Mzee anasema amempata: Patriki, babu wa babu yake, mtoto wa mkulima wa viazi, alibatizwa palepale. Ndiye yule ambaye Danieli alinisimulia, aliyeiba kondoo mmoja wakati wa njaa, Waingereza wakamfunga, wakampakia melini hadi Australia. Hakurudi tena.

Danieli alizaliwa huko Australia, akaja Songea kufundisha useremala, akabaki kwa ajili yangu. Siku zote alitaka kujua jambo moja: kwao hasa ni wapi. Jibu limefika, mwenyewe hayupo.

Nililia mpaka nikakosa misa.

Lakini kuna kingine kinachonitafuna. Danieli alipoleta posa kwetu Maposeni, nilijua wazee watauchunguza ukoo wake, kama ilivyo desturi. Kuna uchawi? Kuna wizi? Kuna aliyefungwa? Nikamwambia asithubutu kutaja gereza, aseme tu babu zake walihama kutafuta mashamba. Akaniuliza, "Unamwonea aibu mtu aliyeiba kwa njaa?" Kisha akafanya nilivyotaka. Miaka tisa alinyamaza. Yeye na baba walikaa barazani wakizungumza mahindi na mvua, mvua na mahindi, hadi maneno yakawaishia.

Siku ya mazishi mtani wetu mmoja aliingia kaburini, akaketi, akagoma kutoka. "Hatuziki mtu asiye na kwao! Semeni, huyu kwao wapi?"

Ndio utani wetu msibani, watu walicheka. Baba ndiye aliyejibu, kwa sauti kubwa, tena kwa fahari: "Watu wa kwao wakulima! Walihama kutafuta mashamba!" Mtani akaridhika, akatoka.

Nimemzika mume wangu kwa uongo wangu.

Mchana nikaenda Maposeni. Nilimwamkia baba, nikakaa chini, nikamweleza yote. Aliendelea kupukuchua mahindi.

"Kondoo mmoja?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, babu yangu mimi Wajerumani walimfunga mnyororo wakati wa Majimaji, wakaondoka naye. Mpaka leo hatujui alikozikwa. Miaka yote hiyo nakaa na mkwe wangu hapa, namzungumzia mahindi. Kumbe tulikuwa na la kuzungumza."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilipoaga aliniomba nimwandikie jina la kile kijiji cha Ayalandi kwa herufi kubwa, maana macho yake hayaoni vizuri. Alilisoma polepole, akakosea, akarudia. Kisha akakikunja kikaratasi na kukitia mfukoni mwa shati. Anasema siku ya arobaini atamwita yule mtani tena makaburini, aulize upya swali lake mbele ya watu wote.

Safari hii nitajibu mimi. Sijui kama sauti itatoka.

Danieli, hukuwahi kuwa mtu asiye na kwao. Mimi ndiye niliyekuficha.