Kura ya Kumeza

Jumatano, mwezi wa saba. Gatitu.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mlima sijauona kwa siku tisa. Nimevaa makoti mawili ndani ya nyumba. Moyo wangu unapiga kama mtu anayebisha hodi kisha anasahau alichojia. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Ananiambia tu, "Ukijisikia vibaya, njoo, mzee." Nilikuwa mwalimu maisha yangu yote. Najua maana yake mwalimu akiacha kusahihisha daftari la mtu.

Ninachapa haya mwenyewe, kwa kidole kimoja. Binti yangu Njeri alitaka kunisaidia, nikakataa. Kosa ninalotaka kuungama lilianzia kwenye kuchapa.

Jana nilikwenda Kerugoya kumwambia Mwalimu Wanjira.

Mimi na Wanjira tulifundisha pamoja katika shule moja ya msingi kule Tetu, miaka ya kwanza baada ya uhuru. Darasa lake la tatu halikuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi, basi akaandika chake, kwa penseli, kwenye daftari la mistari. Ilikuwa hadithi ya fisi aliyealikwa harusini, akamaliza chakula chote kabla bibi harusi hajafika, kisha akakwama kichwa ndani ya sufuria. Nimesoma vitabu vingi vya watoto tangu siku hizo. Sijaona kingine kilichowachekesha watoto namna ile.

Alinisomea kwa sauti, nami nikapiga taipu kwenye stensili ili tutoe nakala za darasa zima. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: Fisi alipenda kula kuliko wanyama wote.

Mimi nilichapa "kura".

Ndimi zetu huku hazibagui r na l. Wanjira alisema kura, nikasikia kura, nikachapa kura kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fisi aliota kura. Fisi aliwaambia maharusi kwamba hakuja kucheza ngoma, amefuata kura. Watoto walisoma kwa sauti na hakuna aliyeona kasoro, maana nao walitamka vivyo hivyo.

Nilipokwenda chuo kikuu nilibeba nakala moja. Miaka ya sabini kukawa na mkutano wa wasomi wa fasihi ya watoto hapa Nyeri mjini, nami nikaandaa makala kuhusu hadithi zinazotungwa na walimu wa vijijini. Nilisimama mbele ya maprofesa katika suti ya kuazima. Nilitaka walijue jina la Wanjira. Hilo lilikuwa kweli, na ninaomba lihesabiwe upande wangu.

Nikasoma sentensi ya kwanza. Bwana mmoja kutoka Lamu, mpole, mwenye kofia nyeupe, akainua mkono.

"Samahani, ndugu yangu. Fisi huyu apenda kula chakula, au apenda kupiga kura?"

Ukumbi ukacheka. Haikuwa kwa ubaya. Niliitazama karatasi, na kwa mara ya kwanza nikaona. Nilikuwa na shahada mbili, na sikuwa nimeweza kuandika "kula".

Ningesema: nimekosea, sisi huku ndivyo tunavyotamka. Wangecheka tena, tukaenda kunywa chai.

Nilisema, "Kura, bwana. Mwandishi amekusudia. Hii ni hadithi ya wanasiasa wetu."

Wakaandika kwenye karatasi zao. Kisha wakapiga makofi.

Makala ikachapishwa. Watu wakasifu ujasiri wa mwalimu wa kijijini, nami nikapandishwa cheo. Wanjira hakuwapo mkutanoni. Yeye aliitwa kwenye ofisi ya elimu, akaulizwa fisi ni nani, na miaka ile swali hilo halikuwa mzaha. Niliambiwa jinsi alivyojitetea: "Bwana, si kura! Ni kura! Kura ya mdomo! Kura ya kumeza!"

Walidhani anawadhihaki. Nakala zikakusanywa, zikachomwa. Akahamishiwa Kerugoya, na hakuandika tena.

Nilimtumia barua ya pole. Ya pole! Nilichosema mkutanoni sikukitaja.

Jana Njeri alinipeleka kwa gari. Wanjira alikuwa ameketi barazani akichagua mawe kwenye maharagwe. Nilimkabidhi kiondo chenye sukari na mkate.

"Baba Njeri! Ati bado uko? Nilisikia ulizikwa."

"Nimeahirishwa," nikamjibu.

Alicheka. Nikaona nisipoanza wakati huo sitaanza kamwe, nikamweleza yote. Hakuinua macho. Nilipomaliza alisema, "Ngoja," akaingia ndani, akarudi na daftari. Penseli ilikuwa imefifia, lakini ilisomeka. Kula. Kula. Kula.

"Ulikuwa nalo?"

"Niko nalo tangu wakati ule."

"Mbona hukuwaonyesha?"

"Ningewaonyesha, wangeuliza ni nani alichapa. Na wewe ulikuwa na kazi mpya na mtoto mchanga. Nilifikiri umekosea tu." Akatupa jiwe uani. "Kumbe mimi nilikuwa nakuficha, na wewe umenianika."

Niliinama nikachagua mawe pamoja naye.

Kisha akanisukumia daftari. "Nisomee. Si wewe ndiye profesa?"

Nikasoma, "Fisi alipenda kula..." kwa ile l yangu niliyoifanyia mazoezi miaka mingi mbele ya kioo.

"Apana," akanikatiza. "Hiyo ni ya mkutano. Soma kama mtu wa Tetu."

"Fisi aripenda kura kuriko wanyama wote."

Akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya leso. Nami nikacheka, mkono kifuani. Halafu akaacha ghafla. "Usifikirie tumemaliza. Enda uandike mahali watu wanasoma. Na jina yako iwe hapo juu."

Jina langu nitaliandika hapo juu kabla karatasi hii haijaenda kuchapishwa. Kwa yeyote aliyesoma makala yangu, au aliyefundishwa na mtu aliyeisoma: hadithi ile haikuwa na siasa hata chembe. Mwandishi alitaka watoto wa darasa la tatu wacheke. Siasa niliitia mimi, kwa kuogopa kuchekwa.

Sijui kama amenisamehe. Nilimuuliza, akaendelea kuchagua mawe. Tulipokuwa tunaondoka alinirudishia kiondo changu, kimefungwa mdomo kwa kamba. Huku kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Kikirudi kitupu, urafiki umekwisha. Hiki kilikuwa kizito, lakini hata mawe ni mazito. Sikukifungua njiani. Njeri alidhani nimelala.

Nimekifungua leo asubuhi, peke yangu jikoni. Mlikuwa na nduma tatu, yale magimbi ya huku kwetu, bado zina udongo. Juu yake palikuwa na kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari, na neno moja kwa penseli, l yake imesimama wima kama mtoto kwenye mstari wa gwaride:

Kula.