Pilipili Zangu, Picha za Zorka

Nikamwambia Zorka, "Ondoka ukutani kwangu!" Shoga yangu Ljubica, Zorka alicheka. Alicheka!

Zile pilipili nyekundu nilizotunga kambani na kuzianika mbele ya nyumba, huyo jirani yangu kasimama mbele yazo, kajipodoa, kashika chupa ya ajvar yake, rojo ya pilipili za kuchoma, anapigwa picha za kutangaza biashara Instagramu. Ajvar yake, ile ya pilipili zilizoungua!

Na wateja wanamiminika kwake. Yangu imekaa tu dukani.

Mpiga picha ni nani? Nevena. Binti yangu wa kumzaa, mwenzangu!

Nikamuuliza, "Mama yako humwoni?"

"Mama, kila nikishika simu unajifunika uso kwa aproni. Shangazi Zorka anatabasamu."

Anatabasamu! 

Zorka naye akadakia, "Jirani, usinune, utazitia pilipili uchungu."

Nikamsukuma kwa kiwiko. Nikasimama pale pale na chupa yangu, mikono myekundu, nywele zinanuka moshi. Nikamwambia Nevena, "Piga. Andika jina langu na bei."

Picha ameshaituma Instagramu. Sikutabasamu hata kidogo. Nenda kaitazame.